Goti

Si mkono ulioiba. Mkono ulikuwa juu,
umeshika kalamu, kila mtu akiuona.
Ni goti. Goti hili la kulia.

Mizani yetu pale Budadiri ilining'inia kwenye boriti,
na gunia likishatundikwa nilisogea karibu
kama mtu anayetaka kusoma vizuri,
goti likalibeba kidogo, kidogo tu,
kama unavyombeba mtoto wa jirani asikanyage tope.
Kilo mbili. Siku ya mvua, tatu.
Miaka tisa.
Na Jumapili goti lilelile nililipeleka kanisani,
nikalikunja mkekani, likakunjika bila kulalamika.

Walishuka kwa njia za utelezi, kahawa utosini,
wakaniamkia, "Mulembe," yaani amani,
nami niliiitikia amani huku nikiila.

Kisha nikamwona Gidudu, mwana wa Khainza,
akiponda kokoto kando ya barabara ya Sironko
saa nne asubuhi, siku ya shule.
Nikamuuliza. Akasema karo ilipungua kidogo.
Kidogo.
Neno langu, kinywani mwake.

Tangu hapo nikilala naota sindano
inazunguka, inazunguka, haina namba ya kusimama.
Nikakonda. Mke wangu Namono alidhani ni malaria,
akanichemshia majani machungu. Nikanywa.
Uchungu ule haukufika ulipokuwa uchungu.

Nikamwendea Kasisi Wepukhulu, nikatapika yote.
Hakunikaripia. Alinyamaza hadi kuku akaingia, akatoka.
"Mungu amekusamehe," akasema. "Deni hilo lilishalipwa,
na halikulipwa kwa kahawa.
Lakini Khainza hajui hata kwamba anakudai.
Panda mlima."

Nilimkuta akimenya malewa, maganda yamemzunguka.
Nilitaka kupiga magoti; nikalikataza goti:
leo usijifanye mtakatifu.
Nikasema nimesimama. Nilitaja kilo, nilitaja miaka,
nikasema hesabu kamili sina,
wizi wangu haukuwa na daftari.
Nikaweka chini hela za ng'ombe niliyemuuza.
Akaendelea kumenya.
"Mume wangu alipokufa," akasema,
"wewe ulibeba jeneza upande wa kichwa.
Nilikuombea mwaka mzima."
Kisha: "Nenda. Moyo wangu si mlango wa duka."

Nikashuka bila jibu.
Usidhani msamaha huja kama mvua ya alasiri, kwa saa yake.
Chama nacho nilikiambia. Kikaninyang'anya kalamu,
kikanipa ufagio wa ghala; haki yao.
Kwaresima ikaja, Pasaka ikapita,
Gidudu akarudi shule, mama yake hakuniita.
Wengine walinitemea mate, na wengine, ambao niliwaogopa zaidi,
walinisalimia kama jana.
Kasisi alisema nimesamehewa, nami niliamini
kama mtu anavyoamini kwamba kuna bahari:
sikuwahi kulowa.
Usiku nikajifunza sala fupi isiyoomba kitu:
Bwana, mimi hapa. Uzito wangu ni huu.

Msimu wa kahawa ukafika. Foleni ilikuwa ndefu.
Khainza akatua gunia, akamtazama kijana wa mizani,
akamsukuma pembeni kwa kiwiko.
"Wewe wa ufagio," akaita. "Njoo upime."
Ghala likanyamaza.
Nikatundika. Nikarudi nyuma hatua nzima.
Naye akaipa mizani mgongo,
akautazama mlima, mikono nyuma,
kama mtu anayesubiri chai.

Goti langu lilitetemeka hewani, halina cha kubeba.
Arobaini na tatu na nusu. Nikasema. Sauti ikakatika kwenye nusu.
Hakugeuka kuhakikisha.

Kilichofuata sikukipanga. Nilijikuta chini,
goti kwenye vumbi la kahawa,
na sikumbuki ni nani aliyelikunja.

"Inuka," akasema, bado anatazama mlima.
"Andika, Wandeba.
Nyuma yangu kuna watu wenye mizigo."